Mwalikaji wa Watu wa Redio

Kazi yangu ya kwanza niliianza kwa kurudishwa mlangoni. Shangazi yangu, Bi Siwatu, alikuwa mwalikaji wa Nyamwage nzima, na siku hiyo alinituma peke yangu nikaalike harusi. Nikafika nyumba ya kwanza, nikasimama kizingitini, nikasema harusi Alhamisi kwa Mzee Pazi, mnakaribishwa, kwaherini. Mama mwenye nyumba akaniangalia kuanzia unyayo mpaka mtandio. Akasema, "Mwanangu, rudi njiani. Halafu uje tena, na safari hii ufike."

Nikarudi njiani kweli, nikaja tena, nikafika.

Miye sikusoma, wajukuu zangu. Anayeandika hapa ni Zuhura, binti wa mwanangu. Miye nasema, yeye anabonyeza simu. Nikimwigiza mama yake anacheka mpaka anakosea herufi, kwa hiyo mkiona pamekosewa, wa kulaumiwa ni mama yake.

Sasa mwalikaji ni nani, maana nyie mnaalikana kwa picha ya kadi yenye maua yanayometameta. Mwalikaji ni mtu anayetumwa na wenye shughuli apite nyumba kwa nyumba. Iwe harusi, hitima au kumtoa mwali, watu hawaji mpaka wamefikiwa. Unapiga hodi, unavua viatu, unakaa jamvini. Unauliza za asubuhi, za watoto, za mgonjwa, za shamba, za ndege kwenye mpunga. Salamu zikiisha ndipo unasema, "Nimetumwa na fulani." Na hapo Shangazi alikuwa mkali: maneno ya fulani uyaseme kwa sauti ya fulani. Kama ana kigugumizi, na weye pata kigugumizi. Kama anavuta makamasi, vuta. Watu wakisikia sauti wanajua mwenyewe ndiye kasema, hukumtungia. Ndiyo maana miye naigiza watu. Wengine wanadhani ni utundu. Utundu upo, lakini kwanza ilikuwa kazi.

Na jibu la mwaliko lina elimu yake. Kwetu hatumkatai mtu machoni. Akisema "inshallah" huku anakutengea maji, huyo atakuja. Akisema "inshallah" huku anatafuta kandambili zake, usimpikie. Lakini kikubwa kuliko vyote ni kimya. Ukimweleza mtu akanyamaza, halafu akakuuliza habari nyingine kabisa, huyo ana neno, na neno zito. Humwachi. Unarudi kesho.

Nilipoolewa nikahamia upande wa Kibiti, na bosi wangu wa pili akawa Mtendaji wa Kata pale Ruaruke. Mtu mwema, ila sauti yake kama kameza mfupa wa pweza, na mnajua pweza hana mfupa. Yeye alikuwa na kipaza sauti juu ya pikipiki, anatangaza mkutano vijiji vizima, siku ya mkutano wanakuja yeye na mbuzi. Akaniita. "Bibi, wananchi wamepata taarifa." Nikamwambia, "Wamepata, baba. Mwaliko ndio hawajapata." Akanipa vijiji, nikapita, wakajaa. Nilimtumikia miaka mingi, na sauti yake mpaka leo naweza kuwatolea ukumbi mzima wakasimama.

Kumbe hiyo yote ilikuwa kuniandaa kwa bosi wa tatu, na huyo ndiye aliyenionyesha maajabu.

Fundi Mkumba ana kibanda cha kutengeneza simu Kibiti, karibu na stendi. Ukiongea naye anakujibu kabana bisibisi mdomoni, kwa hiyo maneno yanatoka upande mmoja, "Habai a nyumbani, Bi Tatu." Siku moja akaniambia kuna kikundi, anataka watu wake waalikwe. Nikadhani harusi. Akasema ni kikundi cha watu wa redio.

Nikamuuliza mnauza nini. Hawauzi kitu. Ni mapenzi tu, kama mtu anayefuga njiwa. Kila mmoja ana mtambo wake, mwingine kauunganisha mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa, wana kibali cha serikali, na kila mtu ana jina lake la hewani, la herufi na namba. Wanabonyeza kitufe wanaongea, wanakiachia wanasikiliza. Basi. Huo ndio mchezo wao, na wanaupenda kuliko chakula.

Nilisema moyoni, Mkumba amerogwa. Mpaka siku aliponiweka kwenye kigoda ndani ya kibanda, akafungua mtambo. Kwanza ukalia kama dagaa kwenye mafuta. Halafu, katikati ya zile dagaa, mtu. Mtu mzima, anasema taratibu, hana haraka. Fundi akaniambia huyo ni Yuhani, yuko Ufini, nchi ya barafu huko juu ya ramani. Wallahi nilijikuta nimejitanda khanga vizuri. Mtu kaingia nyumbani kwangu bila mlango, nitakaaje kichwa wazi?

Fundi alinieleza sauti inavyokwenda. Redio ya Kibiti inairusha, kompyuta inaipokea, inaisukuma kwenye mtandao, inatokea kwenye redio ya Yuhani. Nilielewa kidogo. Kilichonishika si waya. Ni kwamba Fundi na Yuhani walikuwa marafiki wa miaka na hawajawahi kuonana, wala kula sahani moja, na bado Yuhani anajua maji ya bandari ya Nyamisati yamejaa au yamekupwa. Miye watu niliokula nao sahani moja wengine hawajui kama ninaishi.

Kazi yangu ikawa hiyo. Mkutano ukikaribia, nawapitia watu wa Kibiti na wa Ruaruke, nafika, nakaa, nasema kwa sauti ya bisibisi. Wanakuja. Tunapika ming'oko, vile viazi vya porini, wanakula, wanaulizana habari mpaka chai inapoa, na redio yenyewe wanaigusa mwisho mwisho, watu wakiwa wamekwisha shiba.

Wa Dar es Salaam mambo yao mengine. Wao kiongozi wao kijana, Chidi, kasoma, ana Kiingereza, ndiye mkalimani wetu. Wanakutana kwenye simu. Kila mtu anarusha sauti yake, wote kwa pamoja, kama kuku waliomwagiwa pumba. "Oya wazee, niaje, hiyo imeenda, tuko pamoja." Hajui anamjibu nani, anayejibiwa hajui kajibiwa, na kazi inakwenda. Nilikuwa namwambia Chidi, mwanangu, nyie mnakutana kama mvua.

Na Ufini? Ufini hawasemi. Wanaandika. Mmoja anaandika neno lake, refu, limepangwa kama vyungu. Halafu kimya. Siku mbili, siku tatu kimya. Halafu yule yule anaandika, "Asanteni, tumekubaliana." Nilipomsikia Chidi akisoma hivyo nikamuuliza, amekubaliana na nani? Akacheka tu.

Cheko hilo lilikuja kutugharimu.

Kule Maparoni, ndani ya delta, alikuwepo Mzee Shamte. Yeye ni fundi wa mashine za boti, na katika watu wote wa redio niliowajua, huyo ndiye aliyekuwa na mapenzi. Mtambo wake kauunganisha kwa mikono, na waya wa kudakia sauti kaufunga juu ya dungu, kile kichanja cha shambani ambapo watoto wanaamia ndege wasile mpunga. Maparoni simu inashika pale gatini tu, na hapo napo mpaka ikupende. Mashine ya boti ikizima huko kwenye vijito vya mikoko, watu ndani hawana wa kumwita. Mtoto wa Shamte anafanya kazi huko huko. Kwa hiyo kwa wengine redio ilikuwa mapenzi tu. Kwa Shamte ilikuwa mapenzi, na juu yake mwanawe.

Ila redio yake haikufika mbali. Ilikuwa inafika Kibiti siku moja, siku kumi haifiki.

Yuhani na wenzake wakawa na zawadi: mlingoti, na mtambo wa kudaka sauti hafifu na kuirusha mbele. Yuhani akaandika kwenye kundi la simu. Chidi akatafsiri: "Napendekeza tuuweke Ruaruke, kwa kuwa ni juu. Asiyekubali aseme kabla ya Ijumaa."

Dar wakajibu kwa vidole gumba, vimejaa skrini. Kibiti wawili watatu wakasema sawa. Maparoni kimya.

Ijumaa ikafika. Yuhani akaandika, "Asanteni, tumekubaliana."

Fundi alikuwa anaingiza kioo kwenye simu ya mteja, yake ikaanza kulia. Fulani ametoka kwenye kundi. Fulani ametoka. Watu wa Maparoni, mmoja mmoja, bila neno. Wa mwisho Mzee Shamte. Na redio yao nayo ikanyamaza, Fundi anaita jina la hewani la Shamte asubuhi, anaita jioni, anajibiwa na dagaa.

Chidi akashangaa kwenye simu, na kwa haki yake, kijana wa watu. "Sasa si wangesema tu, Bi? Waliulizwa." Na Fundi naye, mtoto wa hapa hapa, alizaliwa mikononi mwa watu ninaowajua, lakini akishika simu anakuwa raia wa simu. Ilimchukua siku kadhaa. Halafu akaja nyumbani kwangu, akavua viatu, akakaa jamvini, bisibisi kaiacha dukani. Nikajua kuna kazi.

"Bi Tatu," akasema, "tumewaandikia watu waliotakiwa kufikiwa. Mlingoti ule ni wa kuwasikia wao. Wasiporudi, tutakuwa tumesimamisha chuma Ruaruke kisikilize popo."

Nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikapanda boti. Magoti yangu wakati huo yalishaanza kulalamika, nikayaigiza nayo njiani, abiria wakacheka.

Mzee Shamte alinipokea vizuri mno, na mtu wa kazi yangu anajua, ukipokewa vizuri mno ujiandae. Wali wa nazi, kamba, maji ya kunawa yana limau. Salamu zikaisha. Nikasema, nimetumwa na Mkumba, nikatoa sauti ya upande mmoja. Mkewe akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikasema, na huyu naye kanituma, nikatoa sauti ya Yuhani, taratibu, kila neno na pumziko lake. Nikaeleza mlingoti, nikaeleza Ruaruke.

Shamte akanyamaza. Halafu akaniuliza, magoti yanaendeleaje.

Nikalala hapo hapo, sikumgusia tena. Asubuhi akaniambia twende shambani. Alipanda kwenye dungu lake, akawa anakaza waya, miye chini kwenye umande. Na huko juu, bila kuniangalia, ndipo akasema.

"Ruaruke ni juu kuliko kwetu. Hilo nalijua kabla yao. Ningeulizwa ningesema Ruaruke."

Nikamwambia, lakini waliandika, asiyekubali aseme.

"Bi Tatu, miye nisimame mbele ya wageni niseme sikubali? Mgeni mwenyewe hajaniuliza hata mke wangu kaamkaje. Ananifungulia mlango mmoja tu, wa ugomvi. Nikauona, nikapita pembeni." Akakaza waya, akautikisa. "Mwanangu yuko kwenye vijito huko sasa hivi. Unadhani sitaki mlingoti?"

Nikamshikia nguzo ya dungu.

Akashuka, akapangusa mikono. "Sasa umekuja. Waambie waweke Ruaruke. Na sisi tutasimamisha nguzo hapa tuwaelekee. Wamwambie na huyo mzungu, akiwa na neno na mimi anipigie, asiandike. Na akipiga asianze na mlingoti."

Nimealika watu maisha yangu yote na sijawahi kuona mlango unafunguka kirahisi hivyo baada ya kufungwa vile.

Nikarudi Kibiti. Fundi akaiweka kompyuta juu ya meza, Yuhani akatokea kwenye kioo: mzee mwekundu, ndevu kama pamba ya mto, nyuma yake dirisha jeupe tupu. Chidi alikuwepo siku hiyo, amekuja kutoka Dar. Nikasema maneno yote ya Shamte kwa sauti ya Shamte, na mkono wangu nao ukawa unakaza waya. Chidi akatafsiri.

Yuhani akanyamaza.

Akanyamaza, akanyamaza. Anaangalia meza yake. Nikasema basi, imekufa, mzungu kachukia. Nikaanza kuifunga khanga niondoke. Chidi akanishika mkono. "Kaa, Bi. Huyu akinyamaza hajakataa."

Kweli, akaongea. Akasema alikuwa anafikiri. Akasema kwao mtu akikaa kimya wanamwacha, kwa heshima. Kumuuliza mara ya pili ni kama kumwingilia ndani. "Nilidhani ninawaheshimu," akasema, na Chidi alipotafsiri hilo, sauti yake ya kuku na pumba haikuwepo.

Jamani. Nilikuwa njia nzima kutoka Maparoni ninampangia Yuhani maneno, ninamwita jeuri, mtu wa kuwaamulia watu kwa kimya chao. Kumbe naye kaja na adabu yake mkononi, imekunjwa vizuri. Adabu mbili zilikaa zimepeana mgongo, kila moja inamngoja mwenzake ageuke.

Alimpigia Shamte siku ile ile, Shamte kasimama gatini. Chidi katikati anatafsiri. Alianza na mke. Halafu watoto. Halafu akamuuliza ndege wa mpunga, na hilo nilimfundisha miye. Mlingoti haukutajwa mpaka mwisho kabisa.

Ukasimamishwa Ruaruke, wakaja wa Dar, wa Kibiti, na watu wa Maparoni na boti yao. Mtendaji mpya akatoa hotuba, miye nikamtolea ya mtendaji wa zamani. Halafu Shamte akarudi kwao kwa makusudi, ili ajaribu. Sisi tukakaa kibandani kwa Fundi. Dagaa zikakaanga kidogo, zikatulia, na sauti ya Shamte ikaingia safi kama amekaa kwenye kigoda. Fundi alilia. Akasema ni moshi wa lehemu. Haikuwepo lehemu.

Kuanzia hapo Maparoni na Ufini wakawa wanaongea wenyewe, Chidi akitafsiri kutoka Dar. Shamte hakubadilika hata kidogo. Kila akibonyeza kitufe lazima awasalimie wote, mpaka wasiosema. Maana kwenye redio mtu anaweza kukaa tu anasikiliza, hujui yupo.

Siku moja, mchana, miye nikiwa kibandani napeta mchele wa Fundi, Shamte alimaliza salamu za Yuhani, akauliza, "Na hapo kwenu kuna nani mwingine anatusikiliza? Naye hajambo?"

Kukawa kimya. Halafu ikaja sauti ambayo si ya Yuhani. Ya mzee. Ikataja jina lake la hewani, tu. Yuhani akaingia kwa haraka, akasema huyu ni mwenzetu wa siku nyingi, hajaongea tangu theluji ilipoanza, wao wamemwacha apumzike.

Shamte hajui theluji. Akamsalimia kama anavyosalimia watu. Habari za nyumbani. Watoto hawajambo? Mama wa nyumbani hajambo?

Chidi akasita. Akasema kwa Kiswahili, "Mzee, mambo ya mkewe kwao hawaulizani hivi hewani." Shamte akamwambia, "Weye sema."

Akasema.

Nikaacha ungo. Kilikuja kimya ambacho miye, na uzoefu wangu wote, sikujua ni cha kwao au cha kwetu.

Halafu yule mzee akasema mkewe amefariki. Tangu majira ya baridi yalipoanza. Hakumwambia mtu, hakutaka kusumbua, na hakuna aliyeuliza. Yuhani alikuwa rafiki yake tangu ujana na hakuwa na habari.

Walioko Maparoni walinisimulia kwamba Shamte alivua kofia. Sisi tulisikia tu akisema inna lillahi, halafu, "Pole, ndugu yangu. Tumefiwa." Akampa kitufe mkewe, naye akatoa pole. Akampa jirani. Wakaja na wa shambani, miguu ina matope, kila mmoja anabonyeza anatoa pole yake, na Chidi anatafsiri kila moja, hata zilizofanana, hakuruka. Fundi akatoa yake. Nami nikatoa yangu, kwa sauti yangu mwenyewe. Yuhani hakutoa pole hewani. Alikwisha chukua ufunguo wa gari, kaenda kumgongea mwenzake mlango.

Magoti yalinistaafisha baada ya hapo. Siku hizi Fundi anawapitia watu mwenyewe, na sauti yangu anaiigiza vibaya, ananifanya kama bata. Huko Ufini nasikia wameweka desturi, mtu wao akinyamaza sana wanatuma mwenzao kumgongea. Sijui wanamwita nani mtu huyo kwa lugha yao. Yuhani aliniuliza kama nina la kumfundisha. Nikamwambia avue viatu. Akasema kwao wanavua wote. Nikafurahi siku nzima.

Wajukuu wakija jioni wananitaka nitoe sauti. Nawatolea Shangazi Siwatu, Mtendaji na mfupa wake wa pweza, Fundi na bisibisi, Chidi na mvua yake. Nawatolea Yuhani anavyofikiri, wanahesabu vidole mpaka aseme. Halafu kuna mmoja lazima aombe, Bibi, tutolee na yule mzee wa Ufini alipoulizwa mkewe.

Sauti ile ninayo. Iko hapa kooni nzima, na pumzi zake. Nawaambia nendeni mkaangalie kuku kama wameingia.